Kigae chenye jina lako

Kama una kadi tatu za michango juu ya kabati huku mwisho wa mwezi bado wiki mbili, basi wewe ni mwenzangu kabisa. Vuta kigoda, leo tuna mazungumzo.

Msimu wenyewe ndio huu. Mavuno yakishaingia ndani, utasikia sendofu leo, kichen pati kesho, harusi keshokutwa, na katikati yake kipaimara cha mtoto wa jirani na arobaini ya mtoto wa dada. Kote huko unatakiwa kwenda, na wazee walishasema mkono mtupu haulambwi.

Mimi nimekaa kwenye kamati nyingi za sherehe na najua zawadi zinavyofunguliwa. Ni usiku wa manane, bibi harusi kajaa usingizi, shangazi yake anachana makaratasi. Seti ya glasi. Seti nyingine ya glasi, rangi ileile. Saa ya ukutani. Hotpoti. Saa nyingine ya ukutani. Mwezi wa tatu ukifika, glasi zimebaki mbili, saa moja imehamia kwa wifi, na hakuna anayekumbuka nani alileta nini. Hela imekutoka, shukrani hakuna, na wewe mwenyewe umeshasahau.

Leo nakuletea zawadi ya kutengeneza kwa mikono yako. Ni kigae kimoja cha marumaru, kile cheupe cha kung'aa ambacho wengine wanakiita tailizi, kikiwa na jina la mtu au picha ndogo iliyokatwa kwa ile plastiki yenye gundi nyuma. Wenye maduka wanaiita vinaili. Mafundi wetu wanaiita stika tu, maana ndiyo hiyohiyo inayobandikwa kwenye bajaji na daladala.

Najua kuna wanaocheka. "Yaani niende ukumbini nimebeba kipande cha bafu?" Cheka, lakini usiondoke. Gharama yake haifiki hata bei ya kilo ya nyama, na kama utaifanya sawasawa, itakaa kwenye nyumba ya mtu kuliko hotpoti yako.

Wala usidhani huu ni ugeni wa kutoka ng'ambo. Nenda Kunduchi, hapohapo Dar es Salaam, ukaone makaburi ya nguzo ya wazee wa pwani. Yamepachikwa sahani na mabakuli ya kauri yaliyokuja na majahazi kutoka China. Watu wale walikuwa wanakula kwenye vyombo hivyo, lakini walipotaka kumheshimu mkubwa wao, waliviweka ukutani. Wareno nao nyumba zao wamezivisha vigae vya rangi mpaka nje, na pale Lisbon wana makumbusho nzima ya vigae tu.

Na habari ya kumpa mtu maneno, hiyo ndiyo kabisa ya kwetu. Khanga ni nini? Kitambaa unakipata popote, lakini akina mama wanauliza kwanza, "Jina lake nini?" Maandishi ya khanga tunayaita jina. Zile zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zinatoka kwenye kampuni iliyoanza Mombasa mwaka 1887, na mpaka leo mwanamke anaweza kurudisha khanga nzuri dukani kwa sababu jina lake halisemi anachotaka kusema. Basi kigae nacho ni hivyo. Kigae chenyewe si kitu, kitu ni jina.

Hapo kwenye jina ndipo ninapotaka tukae leo, maana ndipo wengi wanapopakimbilia. Kukata stika utajifunza kwa jioni moja. Kujua uandike nini, hilo lina kazi yake.

KISA CHA MKUYUNI

Ukitoka Morogoro mjini, ule mji kasoro bahari, ukashika njia ya Bigwa, ukapita Kiroka huku milima ya Uluguru iko mkono wako wa kulia, unafika Mkuyuni. Ni kijani mpaka macho yanachoka. Migomba, minanasi, mifenesi, michungwa, na ukipanda kuelekea juu unakuta mikarafuu, midalasini na pilipili manga iliyojizungushia kwenye miti. Na jina la mahali lenyewe linakwambia habari ya mkuyu.

Ndiko anakoishi mama yangu mkubwa, dada wa kwanza wa mama. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo mama mkubwa kwetu si ndugu wa kutembelewa Idi kwa Idi. Ni mama, nukta.

Mama mkubwa alipojifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, jina lake la kuzaliwa likawekwa kando, kama ilivyo kwa akina mama wote unaowajua. Akawa Mama Fulani. Sokoni Mama Fulani, zahanati Mama Fulani, hata marehemu mumewe alimwita hivyohivyo. Ikaenda miaka arobaini na ushei. Kisha huyo Fulani, mtu mzima mwenye watoto wake, akaugua na kufariki dunia. Jina lake siliandiki hapa, si mali yangu.

Sasa mambo yakawa magumu. Wapo walioendelea kumwita Mama Fulani, na kila wakiita ungeona macho yake yanakwenda mlangoni. Wapo walioona haya, wakahamia kwenye "bibi", au "wewe mama", au kukohoa tu akageuka. Mtu mzima, ana nyumba yake na shamba lake, akabaki hana la kuitwa.

Mwaka jana wajukuu walichanga wakambadilishia bati la nyumba. Familia ikapanga siku ya kukusanyika, kusoma dua na kula pamoja, na kila mmoja alete chochote cha kuweka ndani. Mimi nikasema nitaleta kigae cha sebuleni.

Ubishi ukaanza palepale. Ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, akasema, "Andika Mama Fulani, itakuwa kumbukumbu ya kaka." Mwingine akasema, "Acheni kumliza mzee. Andika BIBI. Herufi nne, kazi imekwisha." Wote wawili walikuwa wanampenda, na kila mmoja alikuwa anamwandikia jina la kwake yeye mwandikaji.

Kwetu jambo la ukoo likikwama linapelekwa kwa mjomba. Nikaenda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umekuja na la heri?"

Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Mwenyewe anasemaje?"

"Nimeanzia kwako, mjomba, nisije nikamgusa kidonda."

"Kidonda ni chake, anajua mwenyewe pa kugusa. Nenda kamuulize."

Nilimkuta anaanika pilipili manga kwenye mkeka, anazigeuza kwa kiganja. Tukasalimiana, nikakaa chini, tukaongea habari za mvua na za bati. Halafu nikamwambia, "Mama, nataka kukuandikia jina kwenye kigae. Niandike lipi?"

Akaendelea kugeuza pilipili zake.

"Kwani yako mangapi?"

"Lipo la kwa mtoto, na lipo lako wewe."

Kimya kikapita kidogo, mpaka nikaanza kumlaumu mjomba moyoni. Kisha akasema, "La mtoto limeandikwa kaburini. Wewe andika la kwangu. Lile la ngumbaru."

Vijana mliozaliwa na simu mkononi, ngumbaru hamwijui. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata nchi nzima watu wazima walikaa chini kujifunza kusoma na kuandika, mashuleni jioni, chini ya miembe, popote penye kivuli na ubao. Mama mkubwa alikuwa mmoja wao, mtoto mgongoni. Anasema mwalimu wao alikataa kabisa kuandika Mama Fulani daftarini. Aliwaambia, hapa kila mtu aje na jina alilopewa na mama yake. Ndilo neno la kwanza alilowahi kuandika kwa mkono wake.

Akachukua kijiti. Pembeni ya mkeka, kwenye mchanga, akaliandika. Herufi kubwa tupu, zimeinama kidogo kulia, na mwisho akaweka H ambayo kwenye kitambulisho chake haipo.

"Mbona hii H kwenye kadi hawakuiweka?" nikamuuliza.

"Kadi waliandika wao. Hii naandika mimi."

Nikatoa simu, nikapiga picha ule mchanga.

KAZI YENYEWE

Haya sasa, kaa vizuri. Kwanza kigae. Usikimbilie kununua boksi zima. Nenda kwenye nyumba inayojengwa, ongea vizuri na fundi marumaru, atakupa vilivyobaki. Siku hizi havina uhaba, kiwanda cha Twyford kipo Chalinze tangu mwaka 2017, na magari yanayopandisha vigae Morogoro unayaona mwenyewe. Chagua cha ukutani, cheupe, cha kung'aa, kisicho na mikwaruzo wala maua. Sentimita 20 kwa 20 ni saizi nzuri ya mezani. Cha 30 kwa 30 ni kizito, kinataka ukuta au kabati imara. Kikiwa kimekatwa, pembe zake ni wembe mtupu, zisugue kwa msasa uliolowana maji mpaka kidole kipite bila kuogopa.

Pili usafi. Hapa ndipo kazi za watu wengi zinapofia. Gundi ya stika inashika kwa kubonyezwa, na adui yake ni mafuta na vumbi. Osha kigae kwa sabuni, suuza, kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha futa uso wote kwa pamba yenye spiriti. Baada ya hapo kishike pembeni tu. Alama ya kidole chenye mafuta ya nazi inatosha kuibandua herufi baada ya wiki mbili.

Tatu kukata. Una njia mbili. Ya kwanza, nenda mjini kwa fundi wa stika, wale wanaoandika kwenye bajaji. Ana mashine inayoongozwa na kompyuta, mpe jina, chagua mwandiko, dakika chache anakukatia. Ni nzuri kwa kadi nyingi za harusi au kama macho hayaoni vizuri. Fundi niliyemwendea mimi alinionyesha miandiko ya kila aina, ya maua, ya Kiarabu, ya sinema. Nilimwambia ninaotaka mimi uko kwenye mchanga wa Mkuyuni. Akacheka, akaniuzia kipande cha stika nyeusi nikaondoka.

Njia ya pili ni mkono. Chora jina kwenye karatasi nyembamba kwa ukubwa uleule utakaokaa kwenye kigae. Herufi zisiwe chini ya sentimita mbili, zikiwa ndogo zaidi utalia. Mimi ile picha ya mchanga niliichapisha stesheneri, nikaikuza mpaka jina likajaa upana wa kigae. Ibane karatasi juu ya stika kwa selotepu ili isiteleze, weka juu ya ubao, chukua wembe mpya au kile kisu chembamba cha kukatia karatasi, na fuata mistari taratibu. Usizamishe. Unakata karatasi yako na plastiki tu, ile karatasi ya nyuma inayoshika gundi ibaki nzima. Ukifika kwenye kona, zungusha ubao, usizungushe mkono. Na kama utaamua kuchora nyuma ya stika badala ya juu, kumbuka kuandika kinyume kama kwenye kioo, la sivyo utampelekea mtu jina la kusomwa na wazungu wa mwezini.

Nne, kupembua. Vuta plastiki yote isiyotakiwa, acha herufi zimekaa peke yake. Yale matumbo ya A, B, D, O, P na R yatoe kwa ncha ya sindano. Ni kazi ya subira, inafanana na kuchambua mchele, na ni nzuri sana kufanya na watoto wakubwa wakati umeme umekatika.

Tano, kuhamisha. Chukua selotepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi, funika jina lote, sugua juu yake. Sasa bandua karatasi ya nyuma, herufi zitakuja na selotepu kama abiria kwenye basi moja. Piga mstari hafifu wa penseli kwenye kigae, lenga, shusha katikati kwanza, kisha sukuma kwenda pembeni kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Ukiona mkono unatetemeka, nyunyiza kigae maji yenye tone moja la sabuni, hapo unaweza kuitelezesha mpaka ikae sawa, halafu unakamua maji yatoke na kusubiri ikauke. Selotepu iondoe polepole, ukiilaza nyuma, usiivute kwenda juu. Kijipovu cha hewa kikibaki, kitoboe kwa pini na ukibonyeze.

Kiache kigae kilale siku nzima bila kuguswa. Nyuma yake gundisha vipande vinne vya kandambili iliyochakaa, kimoja kila pembe, ili kisikwaruze meza wala kuteleza. Kama ni cha kusimama, seremala yeyote atakutolea mfereji kwenye kipande cha mbao kwa bei ya maelewano.

Na maonyo ni haya. Stika hii ni plastiki, inalegea hata kabla ya maji kuchemka, kwa hiyo kigae chenye jina si cha kuegeshea sufuria iliyotoka jikoni. Usikioshe kwa waya wa kusugulia masufuria, kitambaa chenye unyevu kinatosha. Usikitumie kama sahani. Na yale makombo ya stika usiyatupe kwenye jiko la mkaa, maana moshi wake una tindikali na utaukohoa usiku kucha. Yaweke kwenye takataka.

SIKU YENYEWE

Siku ya dua watu walijaa. Kulikuwa na viti vya plastiki, godoro, ndoo, mapazia na blanketi. Kigae changu nilikuwa nimekifunga kwenye khanga. Mama mkubwa alikifungua, akakigeuza nyuma akaona kandambili, akacheka. Akakigeuza mbele, akanyamaza.

Alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaitaja kwa sauti. Akaenda ya pili, akaitaja. Moja moja, kama darasani, mpaka ile H ya mwisho. Kisha akalisoma jina zima. Watoto walidhani ni mchezo, wakaanza kuitikia. Mjukuu mmoja wa darasa la pili akamtazama, akamwuliza kwa mshangao wa kweli:

"Bibi, kumbe na wewe una jina?"

"Ninalo," akamjibu. "Nilizaliwa nalo."

Mle ndani kulikuwa na watu wazima zaidi ya thelathini, na nina hakika nusu yao walikuwa wanalisikia jina lile kwa mara ya kwanza. Ndugu yangu aliyetaka Mama Fulani alitoka nje kuangalia sufuria za pilau, akakaa huko muda mrefu.

Sitakudanganya kwamba kuanzia siku hiyo dunia ilibadilika. Wapo wanaomwita bibi mpaka leo na ataendelea kuwa bibi yao. Lakini majirani kadhaa sasa wanatanguliza "Bi" na kumalizia jina lake, na akiitwa hivyo anageuka kwa aliyemwita, hatazami mlango.

Miezi miwili baadaye akanipigia simu. Salamu ndefu, habari za nanasi, kisha akasema, "Mwanangu, ile stika nyeusi imebaki? Nikatie na la mwanangu. Nitaliandika mimi, njoo ulipige picha." Vigae viwili sasa viko pamoja juu ya kabati la vyombo, chake na cha mwanawe, mwandiko mmoja.

KABLA HUJAKATA

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla hujashika wembe, uliza. Muulize mwenye jina, si rafiki yake, si mumewe, wala orodha ya mahudhurio. Zaituni wa huyu anaandika na I mwisho, Zaituni wa yule hana. Kuna mtu ana majina matatu na moja tu ndilo analolipenda. Kuna mama anataka aitwe kwa mtoto wake, na hiyo ndiyo fahari yake, mwandikie hivyohivyo bila kumfundisha maisha. Na kama unamfanyia mtu siri, basi tafuta mahali alipoandika mwenyewe, kwenye daftari la kikoba, kwenye barua ya zamani, nyuma ya picha.

Maharusi waandikie majina mawili kwa ukubwa mmoja. Nimeshaona kigae ambacho jina la bwana ni kama bango la barabarani na la bibi kama bei ya pipi, na wakwe walikiona pia.

Mtoto mchanga msubiri apewe jina kwanza, usiende na uvumi. Weka jina na tarehe ya kuzaliwa, akikua atakushukuru akiwa anajaza fomu. Maneno ya Mungu yasikae kwenye kigae cha chini au cha kuwekea vikombe, yatafutie mahali pa juu. Na zile khanga za mafumbo, za kumpasha jirani, tafadhali ziache hukohuko kwenye khanga. Khanga inafuliwa na kukunjwa. Fumbo la ukutani litakutazama kila asubuhi ukinywa chai, hata mkishapatana.

Ukitaka kuongeza picha, usihangaike na maua ya madukani. Mtu wa Mkuyuni mkatie jani la mgomba au nanasi, mtu wa Mikumi mkatie tembo, mtu wa pwani jahazi. Umbo moja, rangi moja, linatosha.

Wazee wana msemo kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Anawatengenezea wengine vyungu vizima, mwenyewe anakula kwenye kipande kilichovunjika. Nafikiri akina mama wengi tunaowajua ndivyo walivyo kwa habari ya majina. Wametoa majina kwa watoto, kwa wajukuu, hata kwa ng'ombe, na lao wenyewe halitajwi ila kwenye foleni ya hospitali. Kama unaye mmoja wa namna hiyo nyumbani, anza na yeye kabla ya maharusi.

Mchango wa kadi utoe, usije ukasema mimi nimekuruhusu kukwepa kamati. Kigae ni nyongeza ya mkononi.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaongelea makombo ya marumaru yaliyobaki, jinsi ya kuyapanga kwenye chungu cha maua bila kujikata vidole. Mpaka hapo, nenda kamuulize mtu jina lake.